Daktari Asiyeitazama Redio

Jumatatu, 4 Machi
Mvua zimeanza, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili ni la redio, si la watu. Unyevu ukiingia kwenye redio za vita unakula nyaya polepole, unapandisha kutu kwenye makasha, na mwenyewe hana habari mpaka siku anayowasha na kuona moshi. Kwa hiyo kila mvua ikinyesha nitaandika nimekausha ipi na imeamkaje.

Nyingi ziko chumbani kwangu, nyingine chini ya kitanda. Nalala juu ya jeshi zima. Ila ile kubwa iko sebuleni, na hiyo si yangu. Ni redio ya kifaru, ya kijani, nzito kuliko gunia la saruji, imejaa vifundo na vioo vya mishale ya kupimia. Baba aliinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu vya jeshi tukiwa wadogo, na kabla hajafariki akatamka mbele yetu wote kwamba ni ya Dada. Ya Dada! Mtu anayeilundikia vitambaa vyake vya kushonea juu! Mimi ndiye fundi wa umeme katika nyumba hii, mimi ndiye ninayejua ilikopita na ilichofanya, lakini basi.

Haijawahi kusema neno. Imekosa kitu kimoja tu, kisanduku chake cha umeme, kile kilichokuwa kinachukua umeme wa betri ya kifaru na kuukuza. Ningeweza kuiunganisha kwa njia za kubabaisha, lakini mkusanyaji anayejiheshimu hafanyi hivyo. Kisanduku hicho nimekitafuta tangu nikiwa na nywele kichwani.

Leo nimewasha balbu ndani ya kasha lake ili likauke. Dada ameniuliza kama vifaru navyo vinachangia bili ya umeme.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Balbu. Hakuna jipya.

Jumamosi, 9 Machi
Kuna jipya, na silipendi.

Daktari wa meno amekuja nyumbani kwetu. Huyu bwana ana kliniki ng'ambo ya barabara, anaishi nyuma yake, mkabala na nyumba yetu na karakana yangu ninakotengeneza feni na pasi. Mjane, mpole, anavaa miwani ya kamba. Naye anakusanya redio za vita. Tunafahamiana kutoka minadani, ambako amenipiku mara nyingi huku akinitabasamia. Na sasa nisikilize, daftari: huyu ndiye mwenye kisanduku. Alinionyesha mara moja, kimefungwa kwenye taulo, akakifunika tena kabla sijakishika. Nilikiota wiki nzima.

Eti amekuja kushonewa koti jeupe la kazini. Dada anashona sare za shule na za hospitali pale pale sebuleni, kwa hiyo ni kweli makoti anashona. Lakini mji mzima una mafundi cherehani, kwa nini wetu?

Na cha kunitia wasiwasi zaidi: hakuitazama redio. Alisimama nayo bega kwa bega akipimwa mikono, macho kwenye pazia. Pazia!

Asiyekusanya hataelewa. Sisi tuna desturi yetu. Ukikitaka kitu cha mwenzako, hukiulizi. Unauliza kilicho pembeni yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumsifu mzee mmoja kuku wake kwa saa nzima, kwa sababu nyuma ya banda niliona simu ya mahandakini. Nikaondoka na simu. Na kuku mmoja, ilibidi.

Daktari alimuuliza Dada cherehani yake ni ya mwaka gani. Akaisifu inavyopita laini. Cherehani iko pembeni ya redio. Haya, jumlisha mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi
Mvua kubwa. Kioo kimoja cha mshale kimepata ukungu kwa ndani. Nimekifungua, nimekikausha, nimekirudisha. Dada akasema, "Mdogo wangu, ungenipaka na mimi mafuta ya magoti kwa uangalifu huo." Sikujua kama magoti yanamuuma.

Jumamosi, 16 Machi
Amechukua koti. Ameagiza la pili.

Amekaa akanywa chai, kiti kikiwa kimeipa redio mgongo. Kimegeuzwa na nani? Mimi jana nilikiacha kikitazama dirisha.

Alipoondoka nilimuuliza Dada walizungumza nini nilipokwenda kununua sukari. "Mvua," akasema. Watu wazima wawili hawazungumzi mvua kwa muda wote ule.

Jumatano, 20 Machi
Nimetega mtego. Nimeng'oa kifundo kikubwa cha redio, kile cha kutafutia mawimbi, nikaweka kifundo cha jiko la gesi. Cheupe, kina alama ya moto mdogo na moto mkubwa. Mkusanyaji akikiona hicho kwenye redio ya kifaru ni sawa na kuona mtu amevaa ndoo kichwani. Lazima apige kelele. Akipiga, nitajua jicho lake liko wapi.

Jumamosi, 23 Machi
Hakupiga kelele.

Alikunywa vikombe viwili mkabala na kile kifundo cha jiko, akamsimulia Dada habari za mgonjwa aliyemng'ata kidole. Dada alicheka mpaka akavua miwani yake afute machozi. Mimi nilikuwa mlangoni nikijifanya natengeneza kitasa. Nilimwona daktari akimeza mate mara moja tu, macho yamepita juu ya redio haraka, yakarudi.

Yaani alikiona, na akajizuia! Mtu anayeweza kujizuia namna ile anaweza kufanya lolote. Ameagiza koti la tatu.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua siku nne mfululizo. Karakana imeingia maji, nimepandisha feni za watu juu ya meza. Dada anaimba jikoni. Haimbi huyu. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akivuka ubeti wa kwanza.

Jumanne, 2 Aprili
Nimegundua Dada amekuwa akiumwa jino tangu kabla ya mvua. Alikuwa anatafunia upande mmoja mbele yangu, mezani, kila siku. Daktari aligundua siku ya kwanza, alipomwona anakunywa chai kwa kuinamisha kichwa. Limeshazibwa. "Hukuniambia," nikamwambia. Akasema, "Nilikuambia. Ulikuwa umevaa vile vifaa vyako vya masikioni."

Huenda ni kweli. Lakini pia ni njia nzuri sana ya mtu kuingia katika nyumba ya watu, kupitia jino.

Jumamosi, 6 Aprili
Koti la nne limechukuliwa. Nimevuka barabara kwenda kliniki kwa kisingizio cha kuangalia feni yake ya dari. Nikiwa juu ya ngazi nikaona juu ya kabati: makoti matatu, bado yamefungwa kwenye karatasi za Dada, na sindano zake za kubania. La nne liko mezani. Alilovaa mwilini ni lile lile kuukuu, limetoboka kwapani.

Nikashuka. "Daktari, tuseme ukweli. Unataka nini nyumbani kwetu?"

Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Nampenda dada yako, Fundi."

"Yupi? Anayeshona au yule wa kijani?"

Akainamisha uso kwa haya. Nikasema moyoni, nimekunasa.

Akasema, "Kifundo cha jiko nilikiona. Nilikwenda nyumbani nikalala bila kula. Nilidhani mmeishiwa mpaka mmeuza kile cha asili, nikaogopa kumwaibisha Bi Cherehani mbele yako."

Bi Cherehani! Hata jina la kumwitia analo! Nilitoka bila kumalizia feni. Hata sasa sijui kama nimwamini au nimpongeze kwa uongo uliopigwa pasi vizuri vile.

Jumapili, 7 Aprili
Nimerudisha kifundo cha asili. Jiko lilikuwa haliwashiki upande mmoja.

Jumamosi, 13 Aprili
Leo mambo yamelipuka.

Dada aliniketisha akaniambia kwamba Jumamosi ya tarehe 27, saa kumi jioni, daktari atakuja kumposa. Kwa heshima anakuja kwangu, kwa kuwa ndiye ndugu wa kiume aliyebaki. Alisema huku akipanga vifungo kwa rangi kwenye kopo, hakuinua uso.

Nami nikatapika yote. Nikamweleza desturi ya wakusanyaji, kuku na simu, kiti kilichogeuzwa, makoti ambayo hayavaliwi. Nikamwambia, "Dada, anaitaka redio. Kisanduku anacho, redio huna mpango nayo, akikuoa imehamia kwake bila hata kupanda mnadani. Amka!"

Aliweka kopo la vifungo chini, akalifunika.

"Kwa hiyo nimefikisha umri huu," akasema, "na mwanamume akikaa sebuleni kwangu, kitu cha kutazamika humu ndani ni lile dude."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, na umetoa ushahidi."

Akaingia chumbani. Mashine haikulia tena siku nzima. Niliona aibu, nakiri, lakini aibu haikuondoa shaka. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Jumanne, 16 Aprili
Nimerudi kutoka kazini, sebule imekuwa kubwa. Redio haipo.

Mahali pake pana mraba safi sakafuni. Nilipiga ukelele, jirani akachungulia. Dada alikuwa anatia uzi kwenye sindano kana kwamba ameuza chupa tupu.

"Nimempelekea," akasema. "Vijana wa mkokoteni wameifunga na nailoni, haikulowa. Nimemwambia ni yake, aje asije."

"Umempa? Bure? Dada, umepatwa na nini?"

"Sasa anayo. Akija tarehe 27, atakuwa amenijia mimi, maana hakuna kingine cha kujia humu. Asipokuja, umeshinda. Lakini na wewe ukishinda utafunga mdomo, usiniambie 'nilikwambia' hata siku moja. Tumeelewana?"

Tumeelewana. Redio ya Baba iko ng'ambo ya barabara, pamoja na kisanduku, kwa mtu mmoja! Nilimwona daktari dirishani leo jioni. Alinipungia. Sikumpungia.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua. Sina cha kukausha sebuleni. Nimewasha balbu kwa mazoea, ikaning'inia hewani.

Jumatatu, 22 Aprili
Daktari hajaonekana tangu Jumatano. Kliniki inafungwa mapema, mapazia yameshushwa. Ningepaswa kufurahi, maana kila dalili iko upande wangu. Dada anajishonea gauni la rangi ya zambarau. Amelifumua shingo mara mbili. Nilijikuta nikiomba, kwa sauti kabisa, "Njoo, mjinga wewe."

Jumamosi, 27 Aprili
Naandika yote, hata yanayoniuma.

Saa tisa Dada alikuwa ameshavaa. Gauni limemkaa, nilimwambia, akashtuka kama nimemtukana, halafu akatabasamu. Ameweka vikombe vya wageni. Saa kumi ikagonga. Mvua ikawa inamwagika kama imepasukiwa bomba. Tukasema ni mvua. Saa kumi na nusu tukasema ni mvua. Barabara yenyewe unavuka kwa pumzi moja.

Saa kumi na moja hakusema tena. Alikaa mikono mapajani, mgongo wima, akitazama ule mraba sakafuni. Nilimchungulia usoni nikaona anaanza kuniamini. Sijawahi kuona kitu kibaya namna ile. Wiki mbili nimepigania aniamini, na alipoanza, nilitaka kumshika mabega nimwambie hapana, mimi mpumbavu, usinisikilize.

"Nakwenda kumwangalia," nikasema. "Huenda ameteleza." Akaitikia kwa kichwa.

Nilivuka nikiwa na maneno ya kumvunjia mtu taya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikamkuta chumba cha ndani, amevaa suruali nzuri ya kuposea, shati jipya, tai imetupwa begani isiungue, na mbele yake redio ya Baba imefunguliwa. Kisanduku kimeunganishwa. Mkononi ana chuma cha kuchomelea.

"Fundi!" akapaza sauti, uso unang'aa. "Umekuja wakati wake! Naupandisha umeme polepole tangu mchana, sitaki kuishtua. Shika tochi!"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Ndipo ndani ya kasha, moja baada ya moja, zile taa ndogo za kioo za redio za zamani zikaanza kuwaka, rangi ya chungwa, hafifu, kisha zote.

Nikashika tochi.

Sijui niseme nini zaidi. Yeye alikuwa anapandisha umeme, mimi nasoma mshale. Waya mmoja ulitoa harufu, tukazima, tukaubadilisha, tukaanza upya. Tulizozana juu ya kikinzani kimoja, kile kipande cha kupunguza umeme, nikamshinda, akakubali. Kisha ile redio ikakohoa. Ikavuma. Nikazungusha kifundo kwa vidole viwili, na kutoka mbali kabisa ikaja sauti ya mtu akiimba kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Baba hakuisikia, na mimi nimeisikia. Nililia. Daktari naye akawa anafuta miwani. Tukashikana mikono kama watu waliookolewa majini.

Ndipo akageuka dirishani akaona giza.

"Fundi," akasema taratibu. "Leo ni tarehe ngapi?"

Nikazima tochi. Akaishusha tai begani, akaitazama, na akakaa chini sakafuni palepale. Akataka kukimbia vile vile, na masizi usoni. Nikamzuia. "Ukienda hivyo umeua kila kitu. Nitamwambia una homa kali, umelala hujitambui. Kesho kutwa uje umekonda kidogo. Niachie mimi." Alitikisa kichwa, lakini sikumpa nafasi ya kusema.

Dada alikuwa bado amekaa. Vikombe vilikuwa vimerudishwa kabatini. Nikasema homa. Nikaongeza kutapika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia vidole vyenye masizi. "Mungu amponye," akasema, akaenda kuvua gauni.

Nadhani ameamini.

Jumapili, 28 Aprili
Amekuja asubuhi, bila mwavuli, bila redio. Mimi ndiye niliyefungua. Nikamnong'oneza, "Homa! Kutapika!" Akanipita.

Dada alikuwa kwenye mashine, anashona sare. Hakusimama. "Karibu, Daktari. Pole kwa homa."

"Sina homa," akasema. Nikakohoa. Akaendelea. "Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Saa. Halafu siku. Halafu, nisikudanganye, nilikusahau na wewe. Tangu mchana mpaka usiku ulipoingia. Nilikuwa nimeshavaa, nikasema nijaribu waya mmoja tu."

Mashine ikaendelea kulia mpaka mwisho wa mshono. Dada akakata uzi kwa meno, kwa lile lile jino lililozibwa.

"Na mdogo wangu alikuja kukukumbusha."

"Alikuja. Akasahau pia."

Nilitafuta pa kutazama, nikakosa. Hata pazia halikunifaa.

"Wewe mara ya kwanza ulikuja kutafuta nini hapa?" Dada akauliza.

"Redio," akasema daktari. "Nilikuja kuiona, nikaleta koti kama kisingizio. Ulinipima mikono ukaniambia mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Mara ya pili nilikuja kusikia sauti yako. Sikuitazama tena redio kwa sababu niliogopa ungejua nilivyoanza."

Basi! Nilikuwa sahihi na nilikuwa nimekosea, na katika yote mawili hakuna lililonipa raha. Nilingoja Dada amwonyeshe mlango. Ningemwonyesha mimi.

Dada alikunja ile sare, mikono ndani, kola juu. "Siku niliyomaliza shule, Baba alikuwa na homa," akasema. "Siku mama anazikwa, alichelewa, alikuwa na homa. Kumbe kila mara yuko nyuma ya hilo dude. Akaniachia mimi ili huyu mdogo wangu asirithi na homa. Haikusaidia, jana kaniletea homa nyingine hapa hapa." Hakunitazama. "Nimeletewa homa maisha yangu yote, Daktari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia amesahau."

Akainuka kwa magoti yake mabaya, akatoa vikombe vya wageni.

"Kaa," akamwambia. "Halafu mwambie mdogo wangu kilichokuleta. Anasikia vizuri leo."

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua ndogo. Sijakausha kitu. Dada amenisemesha mara moja, kuuliza chumvi.

Jumapili, 5 Mei
Wamefunga ndoa jana, watu wachache, jua lilitoka. Dada amehamia ng'ambo, yaliko makoti yote manne. Cherehani tumeivusha barabara mimi na daktari, tukipokezana. Mlangoni Dada akaniambia, "Jumamosi njoo." Nikasema nitakuja. Akasema, "Sikuuliza."

Jumatano, 8 Mei
Nyumba iko kimya. Nimegundua sijui chumvi inakaa wapi.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua zimekatika. Nimeenda.

Nimenunua mafuta ya magoti, yale ya kuchua, ambayo muuza dawa alisema ni mazuri. Dada akayapokea, akasoma kibandiko chote pande zote mbili, akanikaribisha sebuleni. Redio iko chumba cha pili, mlango umeegeshwa. Ilikuwa inawaka. Nilisikia inavyovuma, na nikajua kwa mvumo ule kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, kitu kidogo, cha kukaza tu kwa bisibisi.

Daktari akatokeza kichwa. "Fundi! Njoo kidogo usikie hii, inanisumbua tangu asubuhi."

Dada alikuwa anamimina chai, lakini macho yake yalikuwa kwenye macho yangu, anayapima, kama nilivyompima mumewe miezi miwili mizima.

"Baadaye, Shemeji," nikasema.

Nikageuza kiti changu kikampa mlango mgongo, nikamuuliza Dada goti gani linaanza kuuma kwanza, la kulia au la kushoto. Akanisogezea kikombe, bado ananishuku.

"La kushoto," akasema, na akaanza kunieleza.